Sindano ya mwezi ifike zahanati ya kijiji

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Kila gazeti linapoandika habari za wagonjwa wa akili, picha huwa ni ileile: wodi iliyofurika, ndugu waliomshusha mgonjwa getini na kutokomea, na daktari anayeiasa jamii. Si uongo. Ila wengi wanaoijaza wodi hiyo si wageni wake. Ni watu waliokwishalazwa, wakatulia, wakaruhusiwa, wakarudi kwao wakilijua shamba lao na madeni yao, kisha dawa, yaani sindano ya kila mwezi, ikakatika. Sisi wauguzi tunaoshika sindano hiyo tunajua inapokatikia: kati ya geti la hospitali na zahanati ya kijiji.

Hospitali ya akili ya Mirembe ipo Dodoma tangu 1927, na jirani yake ipo Isanga kwa wagonjwa wenye kesi. Lutindi, kule milima ya Usambara upande wa Korogwe, ni kongwe zaidi. Unguja wana Kidongo Chekundu, Dar es Salaam wana Muhimbili, na hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili. Kwa kulaza, angalau pa kuanzia papo. Lakini mgonjwa wa Kakonko au Tandahimba anapoambiwa arudi hospitali kubwa kila mwezi kwa ajili ya ampuli, yaani kichupa cha dawa, ya mililita 1, anaombwa jambo ambalo hata mzima mwenye mshahara angelishindwa kufikia mwezi wa tatu. Nauli yake, nauli ya ndugu wa kumsindikiza, pa kulala, na siku mbili za kazi zimekwenda. Kisha dirishani anaambiwa dawa imeisha.

Sindano tunayoizungumzia ni flufenazini dekanoeti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Modecate. Hutumika zaidi kwa skizofrenia, yaani ule ugonjwa wa kusikia sauti za watu wasiokuwapo, kuamini kwamba majirani wamekula njama, na mawazo kupoteza mpangilio. Dawa imeyeyushwa kwenye mafuta ya ufuta, naam, ufuta huuhuu unaolimwa Lindi. Mafuta hukaa ndani ya msuli wa tako na kuiachia dawa kidogo kidogo kwa wiki 2 hadi 4, kwa wengine hata 5. Mgonjwa hana haja ya kukumbuka kidonge kila siku, wala mama yake hana haja ya kumfungua kinywa kuangalia kama amekificha chini ya ulimi.

Lakini hapohapo ndipo dawa hii inapowachanganya watu. Anayeacha vidonge vya haloperidoli au klopromazini anaweza kubadilika ndani ya siku au wiki chache, na nyumbani wanaona wazi kimetokea nini. Anayeacha sindano hachachamai kesho yake, kwa kuwa mafuta bado yamo mwilini. Mwezi wa kwanza analima. Mwezi wa pili anakwenda harusini na kucheza kama wengine. Ndugu wanasema amepona, na kwamba dawa zilikuwa zikimmaliza nguvu tu. Mwezi wa tatu au wa nne usingizi unapotea, anaanza kuzungumza na ukuta, na kwa kuwa sindano ya mwisho ilishasahaulika, hakuna anayeihusisha na yanayotokea. Anatafutwa mchawi.

Kabla ya ampuli ya kwanza, ijulikane pia kwamba si kila anayesema ovyo ana ugonjwa wa akili. Mtu aliyekuwa mzima juzi, leo hajui yuko wapi, anaona wadudu ukutani, asubuhi anaelewa na jioni haelewi, huyo apimwe joto, malaria na sukari palepale, vipimo vya VVU na kaswende vifuate, na aulizwe habari za pombe na kuanguka kichwa. Mnywaji wa gongo aliyelazwa kwa mguu uliovunjika, siku ya pili au ya tatu akaanza kutetemeka na kupigana na vitu asivyoviona mwenzake, si kichaa. Mwili unaidai pombe. Anahitaji diazepamu na vitamini B1, na akicheleweshwa anaweza kufa. Sukari iliyoshuka nayo haisubiri foleni ya rufaa. Skizofrenia kwa kawaida huingia polepole: miezi ya kujitenga, kuacha kuoga, kuacha shule, ndipo sauti zinapoanza.

Kosa lingine tunaliona mno. Mgonjwa ameletwa amefungwa kamba, anarusha mateke, na mhudumu kwa kutaka atulie haraka anamchoma Modecate. Haitamtuliza jioni hiyo. Kazi yake inaanza kuonekana baada ya siku moja hadi tatu, na ikishaingia haitoki. Madhara yake, yakija, yatakaa wiki kadhaa. Wa kutulizwa sasa hivi huzungumzishwa kwanza na mtu mmoja, si sita, kwa sauti ya chini, mlango ukiwa wazi. Ikishindikana, haloperidoli miligramu 5 na promethazini miligramu 25 hadi 50 kwenye msuli humlaza. Baada ya hapo alazwe ubavu, asilale kifudifudi na mikono nyuma, na mtu akae naye akihesabu pumzi na kupima presha. Klopromazini ya sindano hushusha presha ghafla; aliyechomwa na kuruhusiwa kusimama atamwangukia muuguzi miguuni.

Anayeanza sindano ya mwezi huanza na nusu ampuli, miligramu 12.5, kisha anaangaliwa siku 5 hadi 10. Akiivumilia, hupewa miligramu 25 kila baada ya wiki 2 hadi 4, daktari akipandisha au kushusha kulingana na hali. Vidonge haviachwi siku ya sindano ya kwanza. Huendelea kwa wiki kadhaa huku sindano ikijijenga, na kuvikata mapema ni sababu mojawapo ya watu kusema sindano haifanyi kazi.

Uchomaji wenyewe unadharauliwa. Bomba na sindano viwe vikavu kabisa, maana tone la maji likibaki dawa inafanya ukungu. Sindano iwe ile yenye kikonyo cha kijani, namba 21. Ukitumia ya bluu, namba 23, mafuta hayapiti. Unasukuma, unasukuma, mwisho sindano inachomoka kwenye bomba na dawa ya mwezi mzima inaishia ukutani. Tako ligawanywe kwa macho mara nne, achomwe robo ya juu upande wa nje, ndani kabisa kwenye msuli. Ngozi ivutwe pembeni kama sentimita 2 kabla ya kuchoma na iachiwe baada ya kuchomoa, ili njia ijifunge na mafuta yasirudi nje. Vuta kidogo kuangalia damu, sukuma taratibu, subiri sekunde 10, chomoa. Usisugue. Mwezi huu kulia, mwezi ujao kushoto, na upande uandikwe kwenye kadi. Uvimbe mgumu wa tako moja lililochomwa mwaka mzima unatosha kabisa kumfanya mtu asirudi.

Tukija kwenye madhara, hapa ndipo tungependa wasomaji watulie nasi kidogo, kwa sababu wagonjwa wengi tunawapotezea hapa.

La kwanza hutokea ndani ya saa au siku chache, zaidi kwa vijana wa kiume. Shingo inapinda upande mmoja, macho yanapanda juu na kukwama, taya linakaza, ulimi unatoka nje. Anayetazama bila kujua ataapa kwamba kijana amepagawa, na wengi hupelekwa moja kwa moja kwa mganga au kwenye maombi. Wala si kifafa, maana kijana anakusikia, na akiweza anajibu. Dawa yake ipo: biperideni ya sindano pale ilipo, na pasipokuwapo, promethazini miligramu 25 hadi 50 kwenye msuli, hiyohiyo ambayo zahanati huitunza kwa ajili ya mzio. Mara nyingi shingo hulegea ndani ya nusu saa, mbele ya ndugu haohao waliokwishakata tamaa. Kisha hupewa Artane, yaani benzeksoli, ya kuendelea nayo. Familia iliyoambiwa mapema kwamba hili linaweza kutokea humrudisha mgonjwa kliniki. Isiyoambiwa haimrudishi tena.

La pili ni baya kwa sababu linafanana na ugonjwa. Mgonjwa hawezi kukaa. Anasimama, anakaa, anazunguka uani, miguu haitulii hata akiwa kitandani, na ukimuuliza anasema ndani mwake kunawaka. Mhudumu anaandika "bado amechachamaa" na kuongeza dozi. Dozi inazidisha tatizo, mgonjwa anazidi kuzunguka, dozi inaongezwa tena. Swali la kuuliza ni hili: je, anazunguka kwa sababu sauti zinamwamuru, au ni miguu tu inayodai? Kama ni miguu, dozi ipunguzwe, na propranololi miligramu 10 hadi 20 mara mbili kwa siku husaidia, isipokuwa kwa mwenye pumu. Watu wamewahi kujiua kwa kuteswa na hali hii, na kwenye faili pameandikwa tu kwamba ugonjwa ulizidi.

Baada ya wiki kadhaa mwingine anakuwa mzito: mikono haichezi anapotembea, uso hauna tabasamu, mate yanamtoka, vidole vinatetemeka. Huyu naye husaidiwa na kushusha dozi na Artane miligramu 2 hadi 5, asubuhi, kwa maana ikimezwa usiku hufukuza usingizi. Artane isiwe ya maisha. Baada ya miezi 3 hivi ijaribiwe kupunguzwa. Hufunga choo, hukausha kinywa, huzuia mkojo kwa wazee, na vijana wa vijiweni wameshajua kwamba ukimeza kadhaa unapata ulevi, kwa hiyo mgonjwa anayezidi kuomba Artane wakati shingo na mikono yake haina shida aulizwe kwa upole zinakwenda wapi.

Yapo mambo ambayo mgonjwa hasemi asipoulizwa, na sisi wauguzi, tukiri, hatuulizi. Mwanamke hedhi inakatika, maziwa yanamtoka ilhali hana mtoto, na mume anahesabu miezi. Mwanaume anashindwa tendo la ndoa, anaacha sindano kimyakimya, kisha anasema nauli ilikosekana. Yote mawili yanatokana na dawa na yanazungumzika: dozi hupunguzwa au dawa hubadilishwa. Mwanamke aelezwe pia kwamba hedhi kukatika si kinga ya mimba.

Dharura yenyewe ni nadra, lakini lazima ijulikane. Mgonjwa wa sindano hizi akipata homa kali, mwili ukakakamaa kama ubao, akatoka jasho na kuchanganyikiwa, msiishie kwenye kipimo cha malaria. Dawa zote za akili zisimamishwe siku hiyo na apelekwe hospitali usiku huohuo. Na kwa waliotumia dawa miaka mingi, kila ziara aambiwe afungue kinywa na atulize ulimi. Midomo inayotafuna pasipo chakula, au ulimi unaocheza kama wa mjusi, ni madhara ambayo Artane haiyatibu na huweza kuyazidisha; daktari aarifiwe mapema kabla hayajawa ya kudumu.

Watatuuliza: kwa nini basi mnaitetea dawa yenye maneno yote haya? Kwa sababu ni ya bei nafuu, imezoeleka, na inamfikia mtu ambaye kidonge cha kila siku hakimfikii. Olanzapini, kidonge kingine cha ugonjwa huohuo, haikakamazi mwili kiasi hicho, na anayeweza kuipata kila mwezi apewe. Ila huongeza uzito na sukari, kwa hiyo apimwe kilo kila ziara na sukari kila baada ya miezi 3. Shida yake huku vijijini ni kwamba mgonjwa hupewa ya wiki 2, halafu haionekani tena.

Sasa hesabu. Mgonjwa anayechomwa ampuli 1 kila wiki 4 anahitaji ampuli 13 kwa mwaka, si 12. Wanaoagiza kwa kuhesabu miezi ndio wanaoishiwa Desemba. Kata yenye wagonjwa 8 inahitaji ampuli 104, ukiongeza chache za akiba, na zote zinaenea kwenye kabati dogo. Hazihitaji friji, zikae mahali pasipo joto kali wala mwanga wa jua. Chanjo zinazodai ubaridi njia nzima zinafika kijijini kwa pikipiki. Wanawake wanachomwa sindano ya uzazi wa mpango kila miezi 3 kwenye zahanati hizohizo, na tarehe ya kurudi ipo kwenye kadi. Muuguzi anayeyafanya hayo hahitaji semina ya mwezi mzima ili achome Modecate. Anahitaji kuonyeshwa mara chache, na kuijua ile shingo inayopinda.

Kinachokwamisha ni karatasi. Oda ya kwenda Bohari ya Dawa huandikwa kwa kutazama matumizi ya kipindi kilichopita. Zahanati isiyo na dawa haina wagonjwa kwenye rejista, na isiyo na wagonjwa kwenye rejista haiagizi dawa. Isitoshe, kila dawa imepangiwa ngazi ya kituo, na zahanati ndiyo ngazi ya chini. Kusubiri mwongozo ubadilike si lazima. Hospitali ya wilaya iagize kwa majina ya wagonjwa, dawa ibaki kwenye leja yake, na ampuli zisafiri na watu wa chanjo wanapokwenda kijijini, zikiwa na orodha: nani, dozi gani, tarehe gani. Zilizotumika zirudi kama saini, zisizotumika zirudi kama ampuli. Msamaha wa malipo kwa wagonjwa wa akili umo kwenye sera, lakini msamaha haujazi kabati.

Karatasi ya pili ni ya kuruhusiwa kutoka wodini. Tunazopokea mara nyingi zimeandikwa "aendelee na dawa." Ipi? Iandikwe dawa na dozi yake, tarehe ya sindano ya mwisho na upande uliochomwa, tarehe ya ijayo, madhara yaliyowahi kumpata, dalili zake za mwanzo anapoanza kuharibikiwa, na namba ya simu ya wodi inayopokelewa. Mgonjwa akichelewa wiki moja au mbili achomwe siku hiyohiyo aliyotokea, bila kukaripiwa. Aliyepotea miezi haanzii alipoishia; anachunguzwa upya na kurudia nusu ampuli.

Hizo dalili za mwanzo familia huzijua kuliko sisi. Kwa wengi ni usingizi: usiku wa kwanza hakulala, usiku wa pili hakulala, basi tarehe ya kadi isisubiriwe. Kwa mwingine ni kuzima redio kwa hasira au kukataa chakula kilichopikwa na mtu fulani. Aliyepona mara ya kwanza aendelee na dawa angalau mwaka mmoja baada ya kutulia. Aliyekwisharudiwa zaidi ya mara moja atahitaji muda mrefu zaidi, na kupunguza kufanywe polepole na daktari. Mwenye kumeza vidonge wakati wa Ramadhani avihamishie futari na daku kwa kuafikiana na kliniki, asiviache; masheikh wengi hawaoni kwamba sindano isiyo ya lishe inafunguza. Anayetaka kwenda kwa mganga au kwenye maombi hatumzuii. Tunachomwomba mganga ni kwamba asimfunge, asimnyime chakula na maji, na asimwambie aache sindano.

Kwa hiyo tunaziomba timu za afya za halmashauri zifanye jambo dogo robo ijayo ya mwaka. Wachukue majina ya walioruhusiwa kutoka wodini katika miezi 6 iliyopita, wayapange kwa kata, na waulize kila zahanati inawajua wangapi. Orodha hiyo ndiyo oda ya kwanza. Na Artane ipakiwe kwenye boksi hilohilo la Modecate, isifuate mwezi mmoja baadaye.

Ni sisi,
Wauguzi wa afya ya akili,
Dodoma